Tulipokwenda Kagoma Kuomba Namba Tano

Timu yetu ya kikapu ya wanawake ilikuwa ya mwisho katika ligi ya mkoa, na ligi yenyewe ilikuwa na timu nne. Sisemi hivyo kwa kuionea. Mimi ndiye niliyewashonea jezi, na kusema kweli jezi zilikuwa nzuri kuliko mchezo. Msimu mzima tulishinda mechi moja, na siku hiyo gari la wapinzani lilikuwa limewaharibikia njiani, wakafika uwanjani hoi kwa kulisukuma.

Nina chumba cha cherehani Nyanga, hapa Bukoba mjini, chenye kibaraza na benchi mbele. Kibaraza hicho ndicho kilichokuwa bunge la mashabiki. Sikuwaita, walikuja wenyewe. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee wa koti la kahawia mvua na jua, ambaye akianza sentensi unaweza kumaliza kushona mkono mzima wa shati kabla hajafika kwenye nukta. Wa pili ni dereva wa bodaboda aliyekuwa akiegesha pikipiki mlangoni kwangu kana kwamba tumepanga pamoja. Wa tatu ni jirani yangu wa duka la pembejeo, mtu wa kwaya, mwenye gari aina ya Noah na sauti ya besi. Yeye ni Mlutheri na mimi Mkatoliki, na alipenda kunitania kwamba tunafungwa kwa sababu tunafanya mazoezi kwenye uwanja wa parokia. Nilikuwa namwambia aje yeye aimbe basi, tuone kama mpira utaingia.

Wao walikuwa na mapenzi na timu. Mimi nilikuwa na jambo langu. Binti yangu ndiye aliyekuwa namba tano wetu, yule anayesimama chini ya kikapu na kugombea mipira inayogonga chuma na kurudi. Namba tano ndiye anayepigwa viwiko, ndiye anayekanyagwa, na akianguka anaangukiwa. Msimu ule goti lake la kulia lilianza kuvimba. Akicheza Jumamosi, Jumapili anakwenda misa akichechemea, na Jumatatu anawafundisha watoto wake wa chekechea ameketi. Tulikwenda hospitali, daktari akaligeuza goti huku na huku, akamwambia wazi mbele yangu: si lazima aache, lakini asicheze mechi nzima. Acheze kidogo, apumzike, acheze tena kidogo, na kwa miezi kadhaa goti litatulia. Akilazimisha, atachechemea maisha yake yote. Daktari aliyasema hayo kwa upole kabisa.

Sasa apumzike vipi? Timu ilikuwa na wachezaji sita. Watano wako uwanjani, na wa sita alikuwa na mtoto mchanga, ambaye mama yake akiingia tu anaanza kulia mpaka kocha mwenyewe anageuka yaya. Nikimwambia binti yangu aache, ananijibu, "Mama, nikitoka mimi timu inafutwa." Ana kichwa kigumu, na sitaki mtu aniulize amekirithi wapi.

Ndipo viongozi wa ligi walipokuja na utaratibu mpya. Walikuwa wamechoka na timu kuibiana wachezaji na kutukanana kwenye vikao, wakaamua hivi: walimu wa michezo wa sekondari watapeleka orodha ya wasichana wanaomaliza kidato cha nne, na kila timu itachagua mmoja. Timu ya mwisho inachagua kwanza. Ukishachagua unapewa wiki mbili upate saini ya mzazi au mlezi, ukishindwa nafasi imekwenda. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu kuwa wa mwisho kulikuwa na faida, na mashabiki walifurahi utadhani tumechukua kombe.

Kuanzia siku hiyo sikupata amani. Mwalimu alichukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa akachora uwanja juu ya meza ya kukatia, juu ya meza, jamani, na mimi nina suti ya mtu ya harusi pale. Kila jioni walikuwa wanahamisha vitambaa vyangu vya viraka kama wachezaji.

"Mrefu ni mrefu," alisema dereva wa bodaboda, naye alikuwa hasemi jingine. Msichana wake alitoka upande wa Rubya, na ni kweli alikuwa mrefu na alikuwa anafunga. "Yule akinyoosha mkono anachuma kahawa ya jirani. Tunafikiria nini?"

Jirani wa pembejeo alimtaka msichana wa mjini, mfupi, mwenye mbio, anayepiga chenga mpaka mwamuzi anapotea. "Urefu si kitu kama mpira haufiki huko mbele," alisema. "Sisi mpira unaishia katikati. Nani ataupeleka?"

Mwalimu alisikiliza pande zote mbili, akasema kila upande una hoja, akaanza kueleza hoja ya kila upande tangu mwanzo. Nilimwacha afike mbali, halafu nikasema, "Mimi namtaka wa Kagoma."

Dereva wa bodaboda akauliza, "Yupi huyo?"

"Yule mwenye mabega."

"Yule? Mama, nilikuwepo kwenye michezo ya shule Muleba. Yule hakufunga hata kikapu kimoja."

"Sijasema amefunga."

Akanitazama, akatazama jezi ya binti yangu iliyokuwa imeninginia ukutani ikisubiri kiraka, akatabasamu kwa ujanja. "Ahaa. Wewe mama unatafuta mtu wa kumpumzisha mwanao."

Nilikata uzi kwa meno. "Ndiyo," nikamwambia. "Una neno?"

Alitegemea nitakataa, na mtu akikubali hapohapo unakosa pa kumshikia. Lakini nilijua hiyo haitoshi. Mtu hachagui mchezaji kwa ajili ya goti la mtoto wa fundi. Nikainuka nikachukua kichupa cha mafuta ya mgando ambamo nilikuwa nimehifadhi vifungo, nikavimimina mezani, katikati ya uwanja wa mwalimu.

Niwaeleze. Katikati ya mwaka nilikwenda Muleba kupeleka sketi za shule moja, nikakuta michezo ya sekondari inaendelea, nikaketi kuangalia huku nikimsubiri mkuu wa shule. Mfuko wa kulia wa aproni yangu ulikuwa na vifungo. Nilimwona msichana mmoja, kimya, anacheza kwa uso wa mtu anayeosha vyombo, na kila mpira uliogonga chuma ukarudi ulikuwa unaishia mikononi mwake. Nikaanza kuhamisha kifungo kimoja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto kila alipoudaka. Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa namtazama yeye huku nikimwona binti yangu, na sikutaka kujidanganya.

Mwalimu alivihesabu, halafu akavihesabu tena, kazi yake. "Kumi na tisa," alisema. "Hii ni mechi moja?"

"Moja. Na mwishoni niliondoka kwenda kukabidhi sketi."

Kocha wetu alikuwa amesimama mlangoni siku hiyo, amekuja kuchukua bukta. Ni kijana mpole anayefundisha shule ya msingi, na kwa kawaida mashabiki wakibishana yeye hutabasamu tu na kuondoka. Safari hii aliingia ndani. Alivitazama vile vifungo. "Sisi tukikosa kufunga mara moja, hatupati mara ya pili," alisema taratibu. "Mpira wote wanachukua wao. Yeye peke yake chini pale hawawezi." Yeye, alimaanisha binti yangu. Nilimpa bukta yake bure siku ile.

Siku ya kuchagua walikutana katika darasa moja pale mjini, viongozi wa timu mbele na mashabiki madirishani. Kocha alisimama, akasoma jina la msichana wa Kagoma. Watu wa timu nyingine waliangua kicheko, na kabla kocha hajaketi, timu ya pili kutoka mwisho ilikuwa imeshamchukua wa Rubya. Dereva wa bodaboda hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne zipu ya jaketi lake ilikatika, tukapatana.

Ikabaki saini. Yule msichana alikuwa amemaliza mtihani na kurudi nyumbani, analelewa na bibi yake na baba yake mkubwa huko Kagoma, ndani ya vibanja, mashamba yetu ya migomba. Mwalimu wake wa michezo alikuwa amemwandika kwenye orodha bila kumwambia, na jambo hilo sisi hatukulijua. Mimi nilisema tupige simu kwa jirani yao, tueleze, tuende na karatasi, basi. Mwalimu mstaafu alinitazama kama nimetukana. "Mambo ya mtoto wa mtu hayasemwi kwenye simu," alisema. "Na huendi kwa Mhaya nyumbani kwake mikono mitupu. Jirani yao aambiwe tu kwamba wageni kutoka Bukoba watakuja Jumamosi kuzungumza habari za binti. Mengine yatasemwa tukishaketi."

Na sisi, watu wazima na akili zetu, tukakubali.

Jumamosi tulipanda Noah ya jirani. Mwalimu alikuwa na lile koti lake la kahawia, safari hii limepigwa pasi, amevaa juu ya kanzu. Jirani alivaa suti ya kwaya. Kocha alifunga tai ambayo nadhani aliazima. Mimi nilivaa kitenge changu cha Pasaka na kilemba. Nyuma kulikuwa na kibuyu kikubwa cha lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, mdomo wake umezibwa kwa jani la mgomba, na mwalimu alikuwa ameshika mapajani kifuko cha kusuka chenye akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Dereva wa bodaboda alitangulia na pikipiki, imeng'arishwa. Nilitutazama wote nikajisikia fahari. Nikasema moyoni, leo tumependeza.

Tulipofika, uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka udongo unang'aa. Ndani, sakafu nzima ilikuwa imetandazwa nyasi mbichi, zimekatwa asubuhi hiyo, zinanukia. "Nyegera waitu," walitukaribisha wote, wakatuketisha. Kulikuwa na baba mkubwa, mtu mnene mwenye kanzu nyeupe, kulikuwa na shangazi wa msichana aliyetoka mbali kwa ajili ya siku hiyo, na kwenye kona, juu ya mkeka, aliketi bibi, mdogo, mkavu, mikono imefungwa mapajani. Bibi hakututazama. Nilidhani anaumwa.

Mwalimu akaanza. Alisalimia kwa Kihaya cha zamani, akaeleza safari yetu, akaeleza mvua za mwaka ule, akaingia kwenye bei ya kahawa akatoka, akauliza ukoo wa baba mkubwa, akautaja wa kwake, wakakuta kwamba babu zao waliwahi kupakana vibanja. Hapo ikawa sherehe. Lubisi ikamiminwa, akamwani ikapita mikononi. Karibu saa nzima ilipita na neno mpira lilikuwa halijatamkwa. Baba mkubwa naye hakuuliza. Mtu mwenye adabu hamwulizi mgeni shida yake kabla kibuyu hakijazunguka.

Mimi uvumilivu ulinishinda. Jezi ilitakiwa iwe tayari mapema, na nilikuwa nimebeba utepe wangu wa kupimia shingoni kama kawaida, mpaka kanisani huwa nakwenda nao kwa kusahau. Nikasema, "Jamani, wakati wazee wanaendelea, si binti aje nimpime?"

Baba mkubwa alitabasamu kwa mapana, akaita. Msichana akaja, amefunga kanga kifuani juu ya gauni, akapiga magoti akasalimia, macho chini. Ni yeye, mabega yaleyale. Nikamsimamisha katikati ya zile nyasi nikampima. Mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu kutoka bega hadi chini ya kiuno. Nilikuwa nasoma namba kwa sauti na kocha anaandika kwenye daftari. Nikasema, "Mabega haya ndiyo tuliyoyafuata." Na hapo shangazi akapiga kigelegele.

Nikawaza, kumbe hawa watu wanapenda kikapu namna hii.

Kilichonisumbua ni msichana. Alipotoka nilimwona kidevu kinatetemeka. Nikasema nimesahau kupima mkono, nikamfuata. Alikuwa kwenye jiko la nje, ameketi kwenye kigoda mbele ya ungo wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, ananyonyoa mabawa, na machozi yanadondokea humohumo kwenye ungo. Hakuyafuta.

"Mwanangu, una nini?"

Alinyonyoa senene watatu, wanne. Halafu akauliza bila kuinua kichwa, "Ana umri gani?"

"Nani?"

"Huyo mwanamume."

"Mwanamume gani?"

"Mnayenioza kwake."

Mambo yote yalinijia kwa mpigo mmoja: kibuyu chenye jani la mgomba, kanzu, suti, tai, nyasi mbichi, shangazi kutoka mbali, na mimi, mwanamke mzima mwenye mtoto wa kike, nimemsimamisha binti wa watu mbele ya wazee nikampima kiuno kana kwamba ni kwa ajili ya gauni la harusi. Nilishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaketi chini kwenye majivu na kitenge changu cha Pasaka.

"Hakuna mwanamume," nikamwambia. "Sikiliza. Hakuna mwanamume yeyote. Tumekuja kwa ajili ya mpira. Mpira wa kikapu. Timu yetu ya Bukoba imekuchagua wewe, wa kwanza kabisa kwenye orodha ya mkoa mzima."

Akainua uso. "Mimi? Mbona sifungi?"

"Najua hufungi. Nilikuona. Unadaka."

Alinitazama usoni, akitafuta kama namdanganya. Nikamweleza habari za vifungo. Nikamweleza na habari za goti la binti yangu, sikumficha, kwa sababu sikutaka aje akidhani ni kipaji chake tu tunakitaka wakati mimi nina shida yangu. Nikamwambia, "Ukikubali, mwanangu atapumzika. Ukikataa, tutaondoka na hakuna atakayekulaumu, na huyo mzee anayehutubia mle ndani nitamnyamazisha mwenyewe." Akavuta pumzi ndefu kutoka tumboni kabisa, halafu akaanza kucheka, huku machozi yakiwa bado yanatiririka. Alicheka mpaka akashika ungo usimwagike. Mimi nikacheka naye. Nilikuwa nimemharibia mtoto wa mtu maisha, ingawa kwa nusu saa tu.

Nikarudi ndani. Mwalimu alikuwa amefika kwenye historia ya daraja fulani. Nikamkata. Sijali, nilimkata, nikapiga magoti mbele ya bibi nikasema kwa Kihaya, wote wasikie, kwamba sisi ni watu wa mpira, hatukuja kuoa, hatuna kijana wa kuoa, tuna timu ya mwisho na karatasi moja inayotaka saini, na kosa ni letu.

Kocha alikuwa mwekundu, na yeye ni mweusi kama mimi. Jirani alifunua mdomo na besi yake haikutoka. Dereva wa bodaboda alitoka nje haraka, nikasikia anacheka nyuma ya migomba. Mwalimu alitazama kibuyu, akatazama kanzu yake, akatazama zile nyasi, na nikaona hesabu inavyomfikia taratibu.

Wa kwanza kusema alikuwa bibi. "Mpira tu?" aliuliza.

"Mpira tu, bibi."

"Haendi kulala kwa mtu?"

"Atafikia kwangu mwisho wa juma, siku za mazoezi. Nina binti anayemzidi miaka kidogo, watalala chumba kimoja. Na matokeo yakitoka akachaguliwa kuendelea na shule, shule kwanza."

Bibi akafungua mikono. Kumbe hakuwa anaumwa. "Nyasi hizi nimekata mwenyewe," alisema. "Nilikata nalia. Nikasema, hata kidato cha nne hakijapoa, wamekuja. Maawe, mama yangu." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga yake, akaomba kikombe. Tangu tufike alikuwa hajaionja lubisi, na sasa alikunywa cha kwanza akaomba cha pili.

Baba mkubwa alikuwa amenuna kidogo, mnyonge, ameshakula ng'ombe wa mahari kichwani. Alijikuna, akauliza, "Sasa hii lubisi inarudi Bukoba?"

"Hairudi," mwalimu akasema, na hiyo ndiyo sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia. Wote wakacheka, hata shangazi, ingawa alisema kigelegele chake tumekipata bure. Saini aliweka bibi. Aliweka dole gumba, kwa nguvu, kama anaziba tundu.

Njiani kurudi hakuna aliyemlaumu mwenzake. Tulikuwa tumelegea wote, mtu anacheka peke yake anaanza mwingine. Bibi alitufungia senene waliokaangwa kwenye jani la mgomba, tukawala wote kabla hatujafika nusu ya njia.

Mechi ya kwanza ya msimu ilichezwa uwanjani kwetu. Msichana wa Kagoma alianzia benchi, na jezi ilimkaa vizuri sana mabegani, hilo nitalisema mwenyewe. Mwalimu alikuwa ameketi karibu yangu. Niliona anahamisha punje za kahawa kutoka mfuko mmoja wa koti kwenda mwingine, na hakusema ujanja huo ameutoa kwa nani.

Binti yangu alicheza robo ya kwanza. Robo ya pili ilipoanza tu, akaruka, akatua vibaya, nikaona anakunja uso ule ninaoujua. Nilikuwa nimeshasimama. Kocha akaomba mabadiliko. Msichana wa Kagoma akavua kanga, akaingia, wakapeana mikono kwenye mstari, na binti yangu akatembea mpaka kwenye benchi akaketi.

Aliketi. Msimu mzima uliopita sikuwahi kumwona ameketi mechi ikiendelea. Alinyoosha mguu mbele yake, akaegemeza mgongo, akanywa maji kwa utulivu huku akimwelekeza mwenzake kwa mkono. Kule chini ya kikapu mpira uligonga chuma ukarudi, na mabega yale yakawa hapo. Mwalimu akahamisha punje. Mimi sikuona vizuri, nilikuwa nalia hadharani kama mjinga. Binti yangu akageuka akaniona. "Mama," aliniambia kwa sauti ya chini, "usinitie aibu."

Tulifungwa. Tulifungwa kwa pointi chache, si kama zamani, na dereva wa bodaboda alinung'unika mpaka Nyanga kwamba wa Rubya angefunga zile. Huenda ni kweli.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulipotoka misa nilijifanya nasalimiana na watu ili wale wasichana wawili watangulie, halafu nikawafuata kwa nyuma njia nzima, hatua kama ishirini, macho yangu kwenye goti la kulia. Walipanda kile kilima cha karibu na nyumbani wakizungumza. Binti yangu aligeuka akaniuliza kwa nini natembea polepole vile, naumwa nini. Nikamwambia siumwi kitu, watangulie tu. Akageuka akaendelea kupanda, na hakuchechemea.